Herufi Mbili za Mzee Nukta

Fundi wa meno bandia hakusomea ushairi. Kama mtu angemwambia zamani kwamba ipo siku atasahau chakula cha mchana kwa sababu ya mizani moja iliyopelea, angecheka mpaka mashine ya kung'arisha izimike yenyewe. Kazi yake ilikuwa nta, plasta na meno. Daktari, upande wa pili wa ukuta, alipima vinywa vya watu na kumletea alama za fizi zao. Yeye alikaa kwenye chumba chake chenye dirisha dogo, akapanga jino baada ya jino juu ya nta ya waridi, mpaka kinywa cha mtu asiyemjua kikaanza kutabasamu mezani. Wagonjwa walimwita Dada wa Meno. Nyumbani, mdogo wake wa kike aliyeishi naye alimwita Fundi, hasa bomba la jikoni lilipovuja.

Ushairi aliletewa na mgonjwa. Kabla meno hayajatolewa kwenye nta, huwa anamwita mwenye kinywa ili amsikilize. Anamwambia aseme fa, fe, fi, fo, fu, kisha va, ve, vi, vo, vu, kwa kuwa herufi hizo mbili hazisemi uongo. Meno ya juu ya mbele lazima yaguse mdomo wa chini pale pale panapotakiwa. Yakiwa marefu mno au mafupi mno, f na v zinabadilishana nafasi na mtu anaongea kama ana kidonda. Sasa siku moja akaja mwalimu wa hesabu, mtu mzima na kitambi chake, akaambiwa aseme fa na fe, akaona ni jambo la kitoto. Badala yake akaghani ubeti mzima alioutunga mwenyewe, akisimama kila kipande kuangalia kama dada wa watu amevutiwa. Dada wa watu alikuwa anatazama meno tu. Lakini ubeti ulimbaki kichwani siku nzima, na mwalimu alipokuja kuchukua meno yake, akaulizwa ulikotoka. Hapo hapo akamwingiza kwenye kundi la simu.

Kundi liliitwa Vina kwa Vina. Walikuwamo dereva wa lori, mshona mapazia, karani wa stoo na wengine wa kazi zao, wasiojuana sura, kila mmoja na jina la kujipachika. Fundi akajiita Binti Nta. Mtu akileta shairi lake aliandika chini yake, "Nitoeni miiba," maana huko kosa liliitwa mwiba, na kumwonyesha mwenzako kosa lake kuliitwa kumtoa mwiba, kama vile unavyomshikia mtu mguu na kumwambia atulie. Sharti lilikuwa moja: kabla ya mwiba utoe sifa, na sifa iwe ya kweli. Sifa ya uongo ilihesabiwa kosa kubwa kuliko kina kilichopotea.

Mtoa miiba mkuu alikuwa Mzee Nukta. Alipewa jina hilo kwa sababu alimaliza kila alichoandika kwa nukta, hata neno moja. Ndiyo, nukta. Ahsante, nukta. Alikuwa amestaafu kiwanda cha uchapaji, ambako ujana wake wote aliumaliza akipanga herufi. Shairi la kwanza la Binti Nta lilichechemea kila mstari, na wengine wakalizunguka kwa adabu wakisifu mada yake. Mzee Nukta ndiye aliyemshika mguu. "Mtu ni mizani mbili, binti yangu. Hiyo m inasimama peke yake, ihesabu." Binti Nta akarudia kila mstari akaihesabu, na shairi likanyooka mbele ya macho yake. Tangu hapo, akitunga jambo lolote, alimtungia mzee huyo kwanza. Wengine walisoma, lakini msomaji wake alikuwa mmoja.

Mzee alipenda beti za mistari mitatu. Siku moja akaleta huu:

Mlango umegongeka, nyumba imejaa raha,
Binti yetu ameshuka, kaja bila ya karaha,
Mama chozi ladondoka, si chozi lenye jeraha.

Binti Nta akausoma akiwa na mkate mkononi. Akatoa sifa yake, kwamba chozi lile amelisikia likianguka. Kisha, kwa mara ya kwanza, akajitia ujasiri wa kumtoa mwiba mzee aliyemfundisha. Raha, alisema, ni ya mtu aliyenyoosha miguu kwenye kochi. Mtoto akirudi nyumbani tunasema furaha. Aandike "nyumba yajaa furaha", mizani ni nane zile zile na kina kinabaki. Kundi likampigia makofi. Mzee akajibu, "Umesema kweli. Lakini nitauacha hivyo."

Hilo lilimkaa rohoni. Mzee Nukta hakuwa mbishi. Ukimwonyesha kosa alilifuta mbele yako na kukushukuru. Shairi lililofuata likawa na "sahibu" mara nyingi mno, na Binti Nta akapendekeza japo "rafiki" moja, ili msikilizaji apumue. Akashukuriwa na kukataliwa vilevile. Mtu mwingine angeacha. Huyu alizoea kuangalia kinywa cha mtu mpaka ajue kinapouma, akaona hapa kuna jambo.

Mchana mmoja akayarudia mashairi yote ya mzee, moja baada ya jingine, mkate ukikauka pembeni. Alikuwa anatafuta neno, akakuta herufi. Hapakuwa na f popote, wala v. Na wewe usiseme ni bahati tu, jaribu mwenyewe asubuhi moja. Bila hizo hutafua wala kuvaa, hutafunga mlango, hutafika uendako, na vikombe, viti na vijiko vyote inabidi uvitaje kimoja kimoja kwa umoja. Kiswahili bila f na v ni nyumba iliyotolewa madirisha. Mzee aliishi ndani yake kwa mashairi mengi, kwa ustadi ambao hakuna aliyeushtukia.

Jioni akamsimulia mdogo wake, aliyekuwa anachambua mchele. Mdogo mtu hakuhangaika. Akachukua simu yake na kuonyesha kwamba kwenye kioo herufi v imekaa chini ya f, pua na mdomo. Simu ya mzee imeanguka, kioo kimekufa pale, basi. Fundi alicheka, na nusu ya moyo wake ikakubali. Lakini akakumbuka miiba ya mzee. "Vizuri. Fupisha ubeti wa tatu." Kwenye ujumbe wa kawaida f na v zilijaa tele. Zilikosekana kwenye mashairi peke yake.

Ujumbe tunausoma kwa macho, akawaza, na shairi tunalisoma kwa mdomo. Kinywa. Nani mwingine duniani angejua zaidi yake? Mtu anayekimbia f na v hana meno ya juu ya mbele. Mzee wa watu anatunga yale tu anayoweza kuyaghani bila kuchekwa. Alijiona amelipata lile jambo mkononi, zima zima, na furaha ya kulipata ikamlevya kidogo.

Ulevi huo ndio uliomponza. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwandikia mzee pembeni na kuishia hapo. Lakini kundi lilipenda mafumbo, naye alikuwa na fumbo ambalo halijawahi kutegwa na yeyote. Jumapili mchana akaandika mbele ya wote kwamba mashairi ya Mzee Nukta yana siri, vitu viwili havimo, nani ataviona? Watu wakaacha shughuli zao. Dereva wa lori akasema hayana ugomvi, mshona mapazia akasema hayana jina la mtu. Mwalimu wa hesabu, meno yake mapya kinywani, akalitegua kabla chai haijapoa, na sifa zikamwagika. Wengine wakajaribu kutunga hivyo hivyo na kuumbuka mstari wa kwanza.

Binti Nta alipoona kundi limechangamka, akamwandikia mzee pembeni. Alisema kwa heshima zote kwamba yeye kazi yake ni meno, amekwisha kuelewa, na angependa kumtengenezea kwa mikono yake mwenyewe, iwe zawadi ya mwanafunzi.

Mzee hakujibu. Hakujibu pembeni wala kundini. Dereva wa lori akaleta shairi akaomba miiba, mkono wa mzee haukuonekana. Binti Nta akaleta la kwake, hakulileta kwa ajili ya shairi ila kumtoa mzee alikojificha. Wengine wakalisema vizuri, mmoja hata akampata mahali penye kosa. Yeye aliangalia jina lile lenye nukta, halikuja. Alitambua basi kwamba amempoteza msomaji wake, na kwamba hajui kwa kosa gani.

Jibu lilimkuta kazini, mikono imejaa plasta.

"Binti yangu. Meno yangu yote yapo. Asiye na f ni mke wangu. Tangu tukiwa wachumba yeye ndiye anayeyasoma mashairi yangu kwa sauti, mimi nahesabu mizani kwa vidole. Siwezi kutunga bila kuisikia sauti yake. Kisha kiharusi kikampitia, kikamwacha na mdomo umelala upande mmoja. F na v zikawa zinamtoka upepo mtupu. Akaona aibu, akaacha kusoma. Nyumba ikawa kimya. Ndipo nikaanza kuandika yasiyo na herufi hizo. Sikumwambia. Nilimpa simu tu, nikasema soma. Akasoma, akaona yanamtoka yote. Akarudia kusoma kila siku. Jumapili nilikuwa naosha vyombo, yeye anapitia ujumbe wa kundi kwa macho kama kawaida yake. Akalikuta fumbo lako na majibu yote. Ameiweka simu kifudifudi juu ya meza. Hajanisomea tena. Sikulaumu. Nimekosa la kufanya."

Fundi aliusoma mara moja tu. Aliona aibu, aibu ile inayoanzia masikioni. Mchana ule alipanga jino la kushoto upande wa kulia, kosa ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa mwanagenzi, na daktari akamuuliza kama anaumwa. Alilifuta fumbo kundini, ingawa kufuta kitu ambacho watu wote wamekwisha kukisoma ni kujiliwaza tu. Mdogo wake akamtetea, akasema si alikuwa anauliza tu, kuuliza si dhambi.

"Sikuuliza," Fundi akasema. "Nilijua, nikajionyesha kwamba najua. Ningekuwa nimeuliza ningemuuliza yeye."

Aliandika radhi ndefu, akaifuta. Akaandika fupi, akaona ni fupi mno. Kila alivyopanga maneno, kulikuwa na jambo linamchokonoa ndani, lile lile lililomponza. Udadisi ni ugonjwa wake, na haukupona kwa fedheha ya mara moja. Alitaka kujua yule mama mwenyewe ameona nini. Mzee alieleza yote, ya mdomo, ya aibu, ya simu kulala kifudifudi, lakini neno la mkewe halikuwamo hata moja. Mwishowe akaomba radhi kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika, "Mzee wangu, Mama mwenyewe amesemaje?"

Jibu likaja. "Sijamuuliza. Naogopa."

"Muulize," akaandika. Kisha akaingiza simu mfukoni mwa aproni, maana hakujiamini kuongeza neno.

Jumamosi, saa ya kufunga, alikuwa anafuta vumbi la plasta mezani simu ilipolia. Ujumbe wa sauti, kundini, kutoka kwa Mzee Nukta, mtu ambaye hakuwahi kutuma sauti. Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ya chini, inayokwenda polepole na kusimama kila mahali pagumu.

"Hamjambo. Mimi ndiye mke wa Mzee Nukta. Nilinuna, nataka mjue kwa nini. Si kwa lile fumbo. Nilinuna kwa kuwa watu wasionijua wameona jambo la nyumbani kwangu, mimi niliyemo sijaliona. Jana mume wangu akaniuliza, nikamjibu. Mimi nasoma mashairi yake naona kila siku ni sahibu, sahibu, raha, raha. Nikasema moyoni, mzee ameishiwa maneno, uzee umeanza kula kamusi yake. Nikamhurumia, nikanyamaza. Kumbe na yeye ananihurumia, amenyamaza. Wapumbavu wawili, kitanda kimoja. Sasa leo nimemwambia aandike lenye herufi zote. Nalisoma. Mtoeni miiba. Msimwonee huruma kwa ajili yangu."

Kila f ilimtoka kama mtu anayepuliza chai, na kila v vilevile. Hakuziruka. Akivuta pumzi aliivuta kabla yazo, kama anayepanda ngazi. Akasoma shairi, na maandishi yake yakafuata chini:

Ufungue kinywa chako, nakuombea afya,
Herufi zote ni zako, kufuta naona haya,
Nivumilie mwenzako, nilificha kwa kugwaya.

Fundi alikaa juu ya kiti chake cha magurudumu, akalia kidogo, mwenyewe hakujua ni kwa ajili ya nani kati ya wale wawili. Alipofuta macho, kundi lilikuwa limejaa maua. Waridi, mioyo, mikono iliyokunjwa. Hongera Mama. Tumeguswa. Mwalimu wa hesabu, aliyewahi kugombana na mtu kutwa nzima kwa ajili ya herufi m, alikuwa ameweka ua moja jekundu na kuondoka. Hakuna aliyetoa mwiba. Mama ameomba miiba kwa kinywa chake, tena kwa taabu ile, akapewa maua kama mgonjwa.

Na mwiba ulikuwapo. Fundi aliuona mara ya kwanza alipousoma, maana vidole vyake vilikwisha kuzoea, vilihesabu bila kutumwa. Na-ku-o-mbe-a a-fya. Saba. Mzee Nukta, mpanga herufi, aliyemfundisha yeye kuihesabu ile m, ameacha kipande kimoja kikichechemea, na kina nacho kimeteleza. Akijifanya hakuona, atakuwa ameungana na wenye maua, na sifa itakuwa ya uongo. Akisema, atakuwa amenyoosha kidole chake kwenye nyumba ile ile mara ya pili, na safari hii hatakuwa na la kujitetea. Mzee angeondoka kabisa, na angekuwa na haki.

Akaisikiliza sauti tena, akitafuta ruhusa. Akaisikiliza mara nyingine, simu imebanwa sikioni, macho yamefumbwa, kama anavyowasikiliza wagonjwa wake. Hapo ndipo alipolisikia. Mama hakusoma kama ilivyoandikwa. F na y zilizokumbatiana vile hakuziweza kwa pamoja, akazitenganisha, akalipa neno pumzi katikati. Fundi akahesabu kwa vidole vilivyobaki na madoa ya nta, akahesabu tena, akaandika haraka kabla ya woga kurudi.

"Sifa: mtu aliyeandika 'kufuta naona haya' nitamsoma mpaka nizeeke. Mwiba: mstari wa kwanza, kipande cha pili. 'Nakuombea afya' ni mizani saba, na kina hakijakaa. Lakini Mama hakusoma hivyo. Sikilizeni vizuri. Mama amesoma 'afiya', kama walivyosema wa zamani. Hapo mizani ni nane na kina kimekaa sawasawa. Mzee wangu umeandika vibaya, msomaji wako ndiye aliyepatia. Andika kama anavyosoma."

Akatuma. Kisha akaona mikono yake haina kazi, akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Kundini hakuna aliyethubutu hata kuweka ua. Alijua wote wameusoma na wote wanamsubiri aanguke.

Ujumbe wa sauti ukaingia, mfupi. Kwanza kilisikika kicheko cha mwanamke, kirefu, cha mtu asiyekumbuka kwamba mdomo wake umelala upande. Kisha sauti yake, mbali kidogo na simu, ikimgeukia mtu aliye chumbani naye.

"Umesikia? Futa hiyo ya kwako. Andika yangu."

Ubeti ukarudi kundini na neno moja limebadilika. Mwalimu wa hesabu akatokea, akafuta ua lake, akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na shaka na neno "kugwaya", kuogopa kwa kizamani, liko wapi katika mazungumzo ya watu wa leo. Dereva wa lori akampinga. Mshona mapazia akaomba ubeti wa pili, akasema shairi la ubeti mmoja ni pazia la upande mmoja. Miiba ikaanza kutoka mmoja mmoja, na Mama akawajibu wote kwa sauti.